Siku kumi kabla ya masika: nianzie wapi katika nyumba ya Goba?

Binti wa Mlimani (muuliza swali)

Ndugu wanajamvi, salaam.

Mwezi wa saba mwaka jana nilinunua nyumba ya vyumba vitatu huko Goba, Wilaya ya Ubungo, nikamhamishia mama yangu, ambaye sasa anaishi humo pamoja na mdogo wangu anayesoma sekondari. Mimi mwenyewe ni mtumishi wa umma na kituo changu cha kazi ni Dodoma, ambako msimu wa mvua ni mmoja tu na mvua yenyewe si nyingi, kwa hiyo nakiri kwamba mambo ya masika ya pwani siyajui vizuri.

Nyumba niliiona mara mbili kabla ya kulipa, na mara zote mbili udongo ulikuwa mkavu na kuta zimepakwa rangi mpya. Mvua za vuli zilipokuja, mama alinipigia simu kunieleza mambo matatu. Kwanza, ukuta wa chumba cha nyuma umeanza kutoa chumvi, na rangi inabanduka kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti. Pili, bati linavuja mahali pawili, juu ya korido na pale paa la kibaraza linapokutana na ukuta. Tatu, na hili ndilo linalomnyima usingizi, jirani anayekaa upande wa juu alijenga uzio wa tofali na kuacha tundu moja tu la kutolea maji, nalo linaelekea moja kwa moja uani kwetu. Mvua ikinyesha kwa saa moja, maji hutoka pale kama bomba lililopasuka, na yameshachimba mfereji unaoelekea kwenye shimo la choo.

Nimepata likizo ya siku kumi mwishoni mwa mwezi wa pili. Fedha niliyotenga ni shilingi milioni moja na nusu, na sitarajii kupata nyingine kabla ya Juni. Naomba wenye uzoefu, hasa madalali na mafundi wanaoyajua maeneo haya, wanisaidie kuamua ni kipi kifanyike ndani ya siku hizo na ni kipi kinaweza kusubiri. Fundi mmoja ameshanishauri nianze kwa kubandua plasta ya chumba cha nyuma, nipige nyingine na kupaka rangi ya kuzuia maji, kazi ambayo peke yake inakula zaidi ya nusu ya fedha hiyo. Pia naomba ushauri wa namna ya kumwendea jirani, ikizingatiwa kwamba ni mtu mzima, alitutangulia kuhamia mtaani, na mama hataki ugomvi kabisa.

Dalali wa Barabara ya Vumbi

Dada yangu, hongera kwa nyumba na pole kwa hayo ya vuli. Mimi ni dalali wa nyumba na viwanja upande wa Mbezi, Goba na Madale kwa zaidi ya miaka kumi na tano sasa, kwa hiyo nyumba za aina ya hiyo yako ndizo zinazonipa riziki, na najua jinsi zinavyouzwa.

Usianze na rangi. Fundi aliyekushauri hivyo huenda si mwongo, lakini anatibu jasho badala ya homa. Chumvi inayotoka ukutani kuanzia chini inamaanisha kwamba tofali zinanyonya maji kutoka ardhini, na ukiziba kwa ndani wakati maji bado yanaingia kwa nje, yatatafuta njia nyingine na plasta mpya itapukutika kabla ya mwezi wa sita. Plasta na rangi ni kazi ya kipupwe, ukuta ukishakauka wenyewe kwa wiki kadhaa. Kwa sasa fedha yako iende nje, yaani kule maji yanakotoka, na inayobaki iende kwenye paa.

Kuhusu huko nje, nikueleze kwa hesabu ndogo ambayo huwa nawapigia wateja wangu. Milimita moja ya mvua ikiangukia mita moja ya mraba ni sawa na lita moja ya maji. Kama paa lako lina ukubwa wa mita za mraba 100, na siku moja ya Aprili ikanyesha milimita 50, jambo ambalo kwa Dar es Salaam si la ajabu, paa hilo limepokea lita 5,000 kwa siku moja. Sasa jiulize lita hizo zinakwenda wapi. Nyumba nyingi za huku hazina mfereji wa bati, au upo upande wa mbele tu kwa ajili ya sura, na maji ya nyuma yanadondoka mstari mmoja kwenye mguu wa ukuta, yanachimba, yanatuama, kisha tunashangaa chumba cha nyuma kinatoa chumvi. Nina hakika kubwa kwamba chumba chako kinachobanduka rangi kipo upande ambao hauna mfereji. Hakikisha, na kama ndivyo, funga mfereji upande huo wote, na bomba lake la kushukia lisiishie chini ya ukuta bali liende kwenye tangi, na tangi likijaa maji ya ziada yapelekwe mbali na msingi. Mama atapata maji ya kufulia na kumwagilia mboga, na wewe utapata ukuta mkavu.

Baada ya hapo, zungukia nyumba na utazame udongo. Goba ni vilima na mabonde, tofauti na Mikocheni au Boko ambako ardhi ni tambarare. Huku maji hayatuami sana bali yanapita, na yanapopita yanabeba udongo. Nyumba iliyochimbiwa ubavuni mwa kilima, kama nadhani yako ilivyo, inahitaji mfereji wa kukinga upande wa juu, unaopokea maji ya mlimani kabla hayajafika ukutani na kuyazungusha pembeni. Usiwe mfereji wa udongo mtupu, kwa sababu mvua mbili tu zitaugeuza kuwa korongo. Mawe na zege nyembamba vinatosha, na pale mteremko unapokuwa mkali uwekewe vizuizi kama ngazi ili maji yapunguze kasi. Kingo zake panda ukoka mara tu mvua za kwanza zinapolainisha ardhi. Kama kuna ukuta wa kuzuia udongo, angalia kama una matundu ya kutolea maji na kama hayakuzibwa na matope. Ukuta wa namna hiyo hauangushwi na udongo mkavu, huangushwa na udongo ulioshiba maji usio na pa kuyatoa.

Jambo jingine ambalo watu wa bara husahau ni upepo. Vuli inakuja kaskazi ikianza kushika, na masika yanakuja kaskazi ikikatika na kusi ikichukua nafasi yake, kuanzia Machi hadi Mei. Kwa hiyo madirisha na milango iliyosalimika Novemba inaweza kulowa Aprili. Simama upande wa kusini na mashariki wa nyumba, tazama kingo za madirisha, na uzibe nyufa zote kati ya fremu na ukuta. Ni kazi ya siku moja na gharama yake ni ndogo.

Niongeze jambo ambalo madalali wenzangu hawatafurahi kulisoma. Sisi tunapenda sana kuuza nyumba mwezi wa saba na wa nane. Hali ya hewa ni nzuri, barabara zinapitika, mteja anakuja na gari dogo na anaondoka na viatu vilevile safi. Muuzaji naye hupaka rangi mwezi wa sita, mvua zikishaisha, na alama zote za maji zinafunikwa. Siku hizi mteja akiniuliza wakati mzuri wa kununua, namwambia atazame nyumba Aprili, na avae mabuti. Akishindwa kuja Aprili, basi asitazame kuta za nyumba anayouziwa, atazame kuta za nyumba za jirani, kwa sababu jirani hakupaka rangi kwa ajili yake. Atazame pia miguu ya nguzo za umeme na mashina ya miti kama vina mstari wa tope, na asikilize jina la mahali. Pale Msasani kuna mtaa unaitwa Bonde la Mpunga. Wazee waliolipatia bonde hilo jina hawakuwa wakifanya mzaha, na mpunga hauoti mahali pakavu.

Wewe umeshanunua, kwa hiyo hayo ni ya wengine wanaosoma hapa. Kwako nasema hivi: theluthi mbili ya fedha nje, theluthi iliyobaki juu, na ndani usiguse chochote isipokuwa kusogeza vitanda na makabati yaache nafasi kidogo kutoka ukutani ili hewa ipite.

Fundi Kenchi

Nakubaliana na dalali kwa sehemu kubwa, ila nina la kuongeza kuhusu ukuta na la kusahihisha kuhusu paa.

Kuhusu ukuta, kabla ya kununua mfereji, chukua koleo, kazi ambayo ni bure kabisa, na utazame kama udongo wa nje umepanda juu kuliko sakafu ya ndani. Hili nalikuta kila mara katika nyumba za mteremkoni. Mwenye nyumba alipojenga aliacha msingi ukionekana kiasi cha tofali mbili, kisha miaka inapita, maji yanashusha udongo, mtu anapanda maua, mwingine anamwaga kifusi, na mwishowe udongo unafunika msingi na kugusa ukuta wenyewe. Ile karatasi nyeusi ya kuzuia unyevu tunayolaza juu ya msingi haina faida yoyote kama udongo umeshaipita kwa juu. Ondoa udongo huo hadi msingi uonekane tena, kisha kama fedha inaruhusu, mwaga sakafu ya zege yenye upana wa hatua moja kufuata ukuta, ikiinama kuelekea nje.

Kuhusu paa, fedha ya theluthi moja huenda ikawa nyingi kuliko inavyohitajika, kwa kuwa kuvuja kwa korido mara nyingi ni misumari na si bati. Msumari wa bati una raba chini ya kofia yake, na raba hiyo hupasuka kwa jua baada ya miaka kadhaa. Wengine hupigilia msumari kwenye bonde la bati, pale ambapo maji yanapita, badala ya mgongoni. Fundi apande asubuhi kabla bati halijawa la moto, akanyage palipo na mbao za kenchi, akague msumari mmoja mmoja, abadilishe ulioliwa na kutu na kuziba tundu la zamani kwa lami maalumu. Asizibe kwa saruji, maana bati linatanuka na kunywea kila siku na saruji haifuati mwendo huo.

Pale kibaraza kinapokutana na ukuta, tatizo ni jingine. Maji ya ukutani yanateremka nyuma ya bati. Panatakiwa kipande cha bati kilichokunjwa, upande mmoja uingizwe ndani ya ukuta kwa kuchimba mfereji mwembamba kwenye plasta, na upande wa pili ulalie juu ya bati la kibaraza. Mafundi wengi hukibandika tu juu ya plasta na kuzungushia saruji, na mwaka wa pili kimeshaachia. Kazi ikiisha, usimlipe fundi kwa kutazama. Pandisha mpira wa maji, mwagia kwa robo saa kuanzia chini kwenda juu, na mama akae ndani akiangalia silingibodi.

Ukija kubadilisha bati siku moja, kumbuka kwamba geji 28 ni nene kuliko geji 30. Kuna watu wanaouziwa kinyume chake kwa sababu wanadhani namba kubwa ndiyo bati kubwa.

Mama wa Basihaya

Mimi naishi Boko Basihaya, na nataka kumwambia dalali kwa heshima kwamba ushauri wake unafaa huko vilimani, lakini wasomaji wa huku tambarare wasiuchukue kama ulivyo. Kwetu maji hayatoki mlimani, yanapanda kutoka chini. Katika mvua za El Niño za vuli ya 2023 na masika yaliyofuata ya 2024 nilikuwa na mifereji mizuri pande zote, na bado maji yalitokea katikati ya sebule kupitia viungo vya vigae. Mfereji usio na mahali pa kumwaga ni bwawa refu tu.

Nimeandika hasa kwa ajili ya lile shimo la choo, kwa sababu naona wote wawili mmelipita. Dada, kama mfereji wa maji ya jirani unaelekea shimoni, hilo ndilo liwe la kwanza, hata kabla ya paa. Maji ya mvua yakiingia shimoni, majitaka yatarudi ndani ya nyumba kupitia bomba la chooni au yatafurika uani, na mama yako ndiye atakayeyadeki. Piga simu ya gari la majitaka mwezi wa pili, wakati magari yana nafasi na yanaweza kupita. Aprili kila mtu anayaita, barabara zina tope, na bei inapanda. Inua mdomo wa shimo kwa tofali mbili au tatu, funika kwa mfuniko wa zege unaoziba vizuri, na uangalie chemba zote kama mifuniko yake ipo.

Wale wa tambarare wenye matangi ya plastiki ya majitaka wasiyakaushe kabisa kabla ya mvua. Tangi tupu lililozungukwa na maji chini ya ardhi huelea, likainuka na kukata mabomba. Kwa jirani yangu ndivyo ilivyokuwa.

Na tafadhali mtusaidie kukemea tabia ya kutapisha vyoo. Mvua inaponyesha usiku, kuna watu hutoboa mashimo yao ili uchafu uende na maji, na unaokwenda nao ni ugonjwa wa watoto wa mtaa wa chini. Ni kosa kisheria, na kila mtaa unawajua wanaofanya hivyo. Kipindupindu hakichagui nani alitoboa na nani hakutoboa.

Kuhusu hilo tangi la maji ya mvua ambalo dalali ameshauri, lifungwe kwa mfuniko na wavu. Mwaka 2019 Dar es Salaam tulipata homa ya dengu, na mbu wake huzaliana katika maji safi yaliyotulia na kuuma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku peke yake hakitoshi. Ndoo, makopo, matairi na vyungu vya maua vimwagwe kila wiki, maana yai huwa mbu katika muda wa siku saba hadi kumi hivi.

Binti wa Mlimani

Nawashukuru sana, na shikamooni wakubwa zangu. Nimempigia mama jana jioni akachukua kamba na kupima. Mfereji uliochimbwa na maji umebakiza hatua mbili kufika shimo la choo. Chumba cha nyuma kweli hakina mfereji wa bati, na mdogo wangu anasema udongo wa nje umefika chini kidogo tu ya dirisha la choo, hivyo fundi amenigusa. Nyumba tunayo hati ya mauziano iliyopitishwa serikali ya mtaa, na kiwanja kimepimwa.

Limebaki suala la jirani. Mdogo wangu anapendekeza tuzibe lile tundu kwa zege kwa upande wetu, ili maji yamrudie mwenyewe na aone adha yake. Je, tuna haki hiyo?

Mwenyekiti Mstaafu

Binti yangu, marahaba. Mwambie kijana aweke chini hilo koleo la zege. Mkiziba tundu lile, maji yatajikusanya nyuma ya uzio, na uzio wa tofali za kawaida usio na nguzo za kutosha haukujengwa kubeba uzito wa maji. Utaanguka, na utaangukia upande wa chini, ambao ni wenu. Nimehudumu katika serikali ya mtaa kwa vipindi viwili, na uzio ulioanguka usiku wa mvua niliuona zaidi ya mara moja. Mungu alitusaidia hapakuwa na mtu aliyelala karibu.

Jirani mfuate kwa utaratibu huu. Nenda wewe mwenyewe siku ya pili au ya tatu ya likizo yako, jioni, pamoja na mama, na kabla ya hapo mjulishe mjumbe wenu ili asisikie pembeni. Usiende kulalamika. Mwambie mmekuja kujitambulisha rasmi kwa kuwa hukupata nafasi tangu mhamie, kisha mwombe ushauri yeye kama mwenyeji: maji ya mlima huu zamani yalikuwa yanapita wapi? Swali hilo lina kazi mbili. Linampa heshima yake, na jibu lake litawasaidia kweli, kwa sababu kabla ya nyumba kujengwa maji yalikuwa na njia yake, na maji hayasahau njia. Mara nyingi utakuta njia hiyo ilipita mpakani, na mtu akaifukia ili apate mita moja zaidi ya kiwanja. Mkishafika hapo, mwonyeshe picha za vuli kwenye simu bila maneno mengi, na upendekeze mfereji mmoja wa mpakani, wa mawe na zege, unaopokea maji ya tundu lake na kuyapeleka kwenye mtaro wa barabara. Toa wewe mawe, yeye atoe saruji, au kinyume chake. Nimeona watu wagumu kabisa wakikubali walipoombwa kuchangia nusu, hao hao waliokataa walipoamriwa kulipa yote.

Akikataa, usigombane naye getini. Andika barua kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ambatisha picha zenye tarehe, na uombe aje kuona mahali penyewe mvua ikiwa bado haijaanza. Ikishindikana kuna baraza la kata, ambalo siku hizi kazi yake katika mambo ya ardhi ni kusuluhisha tu na si kuhukumu, na baada yake Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Lakini safari hiyo ni ndefu kuliko masika yenyewe, na mwisho wake bado mtakuwa majirani.

Mfereji mtakaouchimba muufuatilie hadi mwisho wake, kwani kumwaga maji kwa mtu wa tatu kutawafanya ninyi kuwa jirani wa juu anayelalamikiwa. Mtaro wa barabara ukiwa umejaa mchanga na mifuko, tumieni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ambayo ni siku ya usafi nchi nzima. Katika mtaa wangu tuliacha desturi ya kila mtu kufagia mbele ya mlango wake, tukaanza kuzibua kutoka chini kwenda juu, kwa pamoja, kwa sababu ukizibua juu kwanza unampelekea wa chini uchafu wako wote. Na kama mtaro unaishia kwenye korongo au mto, mwulize afisa mazingira wa manispaa kabla ya kugusa chochote pale. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, na wenye nyumba waliowekewa alama ya X ya kubomolewa katika Bonde la Msimbazi mwishoni mwa mwaka 2015 walijifunza kifungu hicho kwa gharama kubwa. Kabla yao walikuwapo wale wa mafuriko ya Desemba 2011, ambao wengi walipewa viwanja Mabwepande. Mimi nilishiriki kuwapokea baadhi yao, wamekaa kwenye mahema na godoro zilizolowa, na kila mmoja alikuwa na nyumba aliyoinunua kiangazi.

Mpangaji wa Kimara

Naomba niulize kwa kifupi ndani ya mada hii hii. Sisi wapangaji tuliokwisha kulipa kodi ya miezi sita, bati likivuja nani anatengeneza?

Dalali wa Barabara ya Vumbi

Mpangaji, paa, kuta na mfumo wa majitaka ni vya mwenye nyumba, isipokuwa mkataba wenu umesema vinginevyo, kwa hiyo usome kabla ya kumpigia simu. Mwarifu kwa ujumbe wa maandishi mapema, mwezi wa pili, na si usiku wa mvua. Mkikubaliana utengeneze wewe na gharama ikatwe kwenye kodi ijayo, ataje kiasi kwa maandishi na wewe utunze risiti za vifaa. Makubaliano ya mdomo juu ya bati huwa yanavuja kuliko bati lenyewe.

Mama wa Basihaya, nimepokea sahihisho lako. Shimo lilinipita, na nilipaswa kulitaja kwanza.

Dada, sasa mpangilio wa siku zako kumi umejipanga wenyewe: siku ya kwanza gari la majitaka na kuinua mdomo wa shimo, siku ya pili jirani, kisha koleo la fundi nyuma ya nyumba, mfereji wa mpakani, mfereji wa bati, na paa liwe la mwisho kwa kuwa ni la siku mbili tu. Fundi wa plasta mwambie akutafute Agosti. Kabla ya kurudi Dodoma, mwonyeshe mdogo wako swichi kuu ya umeme ilipo na umwambie aizime maji yakianza kuingia ndani, mradi anaweza kuifikia bila kukanyaga maji. Waandikie pia ukutani namba 114 ya Zimamoto na Uokoaji. Hati ya mauziano na vyeti vitiwe kwenye mfuko wa plastiki na kuwekwa juu ya kabati, si chini ya kitanda.

Kisha mwachie mama daftari na kalamu. Kila mvua kubwa itakaponyesha aandike tarehe, ilinyesha muda gani, na maji yalifika wapi, kwa mfano ngazi ya pili ya kibaraza au mguu wa mpapai, na kijana apige picha kutoka mahali palepale kila mara. Mwezi wa sita ukija na fedha yako nyingine, usimwulize fundi yeyote pa kuanzia kabla hujalisoma daftari hilo.